GR86 ya Tamiya 1/24 kwa siku nne, na rimu za kizamani za spoki nane

Pwani_Modeli ameuliza:

Wakuu, habari za jioni.

Nina sanduku la Toyota GR86 la Tamiya, kipimo cha 1/24, halijaguswa. Linatakiwa liwe gari kamili mezani Jumapili usiku, na leo ni Jumatano. Muda nilionao ni jioni ya kesho Alhamisi, Ijumaa kuanzia saa saba mchana, halafu Jumamosi na Jumapili nzima.

Rimu zake za inchi 18 sizitaki. Nina seti ya Aoshima ya Watanabe za inchi 14, zile za spoki nane tulizozoea kuziona kwenye Toyota AE86 ya miaka ya 1980, na tairi zake zimo. Nimeshikiza moja kwenye bodi kwa tepu nione mkao. Tairi la seti lina kipenyo cha mm 24 hivi, la Tamiya ni mm 26. Gari linaonekana limevaa viatu vya mdogo wake. Halafu kidole cha ekseli cha Tamiya hakikai vizuri kwenye tundu la rimu, kinacheza.

Niko Mombasa. Brashi ya hewa sina, nina makopo ya kupuliza: praima nyeupe (rangi ya msingi), TS-26 nyeupe, TS-29 nyeusi isiyong'aa sana, na TS-13 kliya (ile isiyo na rangi, ya kuongeza mng'ao). Unyevu wa huku mnaujua.

Naomba kujua: rimu hizi zitakaaje? Kazi nizipange vipi ili nisisubiri rangi bure? Na ni nini naweza kuruka bila gari kuonekana la haraka haraka?

---

Vernia_24:

Mkuu, shika vernia (kipimio cha milimita) kabla ya kushika kisu.

Tairi la GR86 halisi la inchi 18 ni 215/40R18. Ukuta wake ni asilimia 40 ya 215, yaani mm 86. Jumlisha kuta mbili na rimu ya mm 457, unapata kipenyo cha mm 629. Gawa kwa 24: mm 26.2. Hilo ndilo duara ambalo madigadi ya bodi yako yamechongwa kulizunguka. Tairi la mm 24 limepungua mm 2.2, nusu juu na nusu chini. Kwa hiyo gari linashuka mm 1.1 kuelekea meza, na wakati huohuo pengo kati ya tairi na madigadi linapanuka kwa mm 1.1 hiyohiyo. Ndiyo maana linaonekana limenyanyuka ilhali limeshuka.

Jambo jingine linalowachanganya watu: inchi za rimu hazipimwi kwenye ukingo wa nje, zinapimwa pale mpira unapokalia. Ukingo hupanda karibu mm 17 zaidi kila upande. Kwenye 1/24, rimu ya inchi 14 itakuwa na ukingo wa karibu mm 16.3, ya 15 mm 17.3, ya 17 mm 19.4, ya 18 mm 20.5. Mtu anapima mm 16.3, anazidisha kwa 24, anagawa kwa 25.4, anapata 15.4, kisha analalamika kuwa kauziwa rimu siyo. Rimu ni sahihi, alipopima ndipo siyo.

Sasa kuhusu sura. Ukizamani haupo kwenye spoki tu, upo kwenye mpira mnene. Chukua 195/70R14: ukuta ni mm 136.5, kipenyo kizima mm 628.6. Linganisha na mm 629 ya 215/40R18. Kwenye modeli yote mawili ni mm 26.2. Yaani rimu yako ya inchi 14 ikipata tairi lenye ukuta wa namna hiyo, inajaza madigadi ya GR86 bila kukata kitu, na gari linapata ule mwonekano wa miaka ya 1970. Tairi za aina hii hukaa kwenye masanduku ya magari ya zamani. Datsun 240Z, ile iliyoshinda mbio za Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973, kiwandani ilitoka na 175HR14, kipenyo chake karibu mm 635, sawa na mm 26.5 kwenye 1/24. Kama una sanduku la gari la umri huo kabatini, pima tairi zake: nje mm 26 na kidogo, ndani zishike rimu ya inchi 14 bila kulegea.

Njia nyingine ni kubaki na tairi za Tamiya na kutafuta rimu za spoki nane za inchi 17 zilizochapwa kwa resini. Tundu la tairi la inchi 18 litazidi rimu ya 17 kwa nusu milimita kila upande, na hapo unazungushia ukanda wa plastiki wa mm 0.5 pale mpira unapokalia. Mkao unatoka safi, ila kifurushi hakikufikii kabla ya Jumapili.

Usipopata tairi nene, itabidi ushushe bodi.

Na kuna jambo ambalo karatasi ya maelekezo haitakuambia: breki. Diski ya mbele ya gari halisi ni karibu mm 300, kwenye modeli mm 12.5, na kalipa (kile kibano cha diski) inatokeza nje ya hapo. Ndani ya rimu ya inchi 14, ukitoa unene wa plastiki, hubaki nafasi ya mm 12 au 13. Diski itagusa, rimu haitaingia mpaka mwisho, utadhani kasoro ni ya ekseli. Punguza diski mpaka mm 11 kwa msasa wa 400, na kalipa ikate kabisa. Spoki nane nene zenye rangi nyeusi zinaficha, hakuna atakayejua kuwa haipo.

---

Pwani_Modeli:

Shukrani sana mkuu. Tairi nene sina, na wa kuniazima simjui. Basi nishushe. Nishushe kiasi gani, na nikate wapi? Naogopa kuvunja sospensheni.

---

ChasiNaBushi:

Mikono ya sospensheni usiiguse kabisa. Unachohamisha ni kituo cha gurudumu kwenye uso wa habu (kile kitovu kinachoshika gurudumu), basi.

Kiasi: panda mm 1.5. Mm 1.1 inarudisha pengo pale lilipokuwa, mm 0.4 inayobaki inalibana kidogo zaidi ya kiwandani. Bodi itakuwa imeshuka mm 2.6 kwa jumla, yaani mm 62 kwenye gari halisi. GR86 ina nafasi ya mm 130 chini ya tumbo, ambayo ni mm 5.4 kwenye modeli, kwa hiyo unabaki na mm 2.8. Ukienda mm 2 au zaidi ni tamaa: bampa la mbele linakaribia meza na sehemu ya juu ya tairi inagota ndani ya chasi.

Kwa kuwa kidole cha ekseli hakiingii sawasawa hata hivyo, kiondoe. Tumia sumaku ndogo za duara, kipenyo mm 5, unene mm 1 au 2, jumla nane. Hizi sumaku za nguvu zinauzwa hata kwenye maduka ya vifaa vya ushonaji na mikoba.

Fanya hivi. Jenga chasi kama karatasi inavyosema mpaka habu zote nne zikae, gundi ikauke. Kabla ya kukata kidole, weka alama ya kituo chake: piga mistari miwili ya msalaba kwenye uso wa habu kwa ncha ya sindano, ipite mpaka ukingoni, maana ukikata kidole kituo kinapotea. Kata kidole, sawazisha kwa jiwe au kipande cha msasa kilichobandikwa kwenye kioo. Pima mm 1.5 juu ya msalaba, tia alama mpya. Toboa kwa biti ya mkono ya mm 1, kisha 2, kisha 3, kisha 5. Ukirukia biti ya mm 5 moja kwa moja inauma plastiki na kujivuta upande, na kituo kinahama. Kama uso wa habu ni mwembamba kuliko sumaku, bandika nyuma yake kipande cha plastiki cha mm 1 kwanza.

Sasa sikiliza hapa vizuri, maana ndipo watu wanapokosea. Sumaku mbili zikigusana uso kwa uso hushikana sana ukizivuta, lakini ukizisukuma kwa ubavu zinateleza. Uzito wa bodi unasukuma kwa ubavu muda wote. Ukiacha gari usiku kucha, asubuhi unakuta gurudumu limepanda na bodi imelala upande mmoja. Kwa hiyo sumaku ya habu iache itokeze nusu milimita nje, na ile ya rimu izamishe nusu milimita ndani ya kikombe chake, yaani lile tundu la nyuma ya rimu. Sumaku ya habu inaingia kwenye kikombe kama kidole. Uzito unabebwa na ukingo wa plastiki, sumaku inazuia tu lisichomoke.

Kuhusu pande za sumaku: zipange zote nane ziwe mnara mmoja, kisha ichukue moja moja toka juu na kuipaka rangi nyekundu usoni kabla ya kuitoa. Za habu, rangi itazame nje. Za rimu, rangi iingie ndani ya rimu. Ukifuata hivyo magurudumu yote yanabadilishana nafasi. Bandika kwa epoksi ya dakika tano, sio supaglu. Supaglu inashika kabla hujarekebisha.

Kisha jaribio la kioo. Weka chasi juu ya kioo au kigae kisicho na mawimbi, ingiza karatasi ya kawaida ya kuchapishia chini ya kila tairi. Karatasi hiyo ina unene wa mm 0.1. Ikipita chini ya tairi moja tu, kituo cha hapo kiko juu kupita kiasi, na kwa kuwa epoksi bado mbichi unaweza kukisukuma. Ikishashika huwezi tena.

Mwisho, vaa bodi na utazame kwa juu. Tairi likitokeza nje ya madigadi, sumaku ya rimu izame zaidi. Likiwa limejificha sana, ongeza duara la plastiki la mm 0.3 au 0.5 nyuma yake. Ukingo wa rimu ulingane na ukingo wa madigadi, tairi liingie ndani kidogo kwa juu.

---

Kijiti_cha_Meno:

Kazi ya sumaku ni nzuri, ila kwa gari la kukaa mezani naona ni nyingi mno. Mwenzetu ana jioni nne.

Kijiti cha plastiki cha mm 2 kinatosha. Toboa habu mm 2 kwenye kituo kipya, bandika kijiti kitokeze mm 4. Bushi ya plastiki laini (ile pete inayopokea kidole cha ekseli) ing'oe kwenye rimu, jaza kikombe kwa kipande cha fremu ya plastiki iliyoshika vipande vya modeli kilichochongwa kikaingia kwa nguvu, gundi ikishakauka toboa mm 2 katikati. Gurudumu linaingia kavu bila gundi, unaweza kulitoa wakati wa kupaka rangi. Jaribio la kioo ni lilelile, na ukishalipita unatia tone la gundi kwa nyuma.

Saa moja na nusu kwa magurudumu yote, badala ya jioni nzima.

---

ChasiNaBushi:

Nakubali kwa muda. Sikubaliani na "katikati" kwa jicho. Rimu ikitobolewa ikakosea mm 0.3, ukilizungusha gurudumu linayumba kama la mkokoteni, na likibandikwa moja linakuwa juu. Kama unatumia kijiti, kata duara la plastiki linaloingia kwenye kikombe, na kituo ukitafute kwa bikari kabla ya kulibandika, sio baada.

---

Rangi_Pwani:

Tuhamie kwenye rangi, maana hapo ndipo siku nne zinapoliwa.

Mombasa tatizo sio joto, ni unyevu. Rangi ya kopo inapotoka, kiyeyushio chake kinaruka haraka na kuupoza uso wa plastiki. Hewa ikiwa na maji mengi, maji yanaganda juu ya rangi ambayo haijafunga, na inatoka ukungu mweupe. Kwenye nyeupe ya TS-26 huuoni kama rangi, unauona kama kukosa mng'ao. Kwenye nyeusi unaonekana kama vumbi la unga. Usipulize alfajiri, usipulize baada ya magharibi, usipulize mvua ikiwa inakuja. Dirisha lako ni saa nne asubuhi mpaka saa tisa alasiri, jua likiwa limekausha hewa kidogo. Kwa ratiba yako maana yake ni Ijumaa kuanzia saa saba na Jumamosi asubuhi.

Kopo liweke kwenye maji ya vuguvugu, nyuzi 40 hivi, dakika kumi. Maji ambayo mkono unavumilia bila kuutoa. Usilipeleke jikoni karibu na moto wala kwenye maji yanayochemka, hilo ni bomu. Kopo lenye joto linatoa matone madogo zaidi na rangi inajisawazisha yenyewe. Tikisa dakika mbili kamili baada ya kulitoa.

Mpangilio ninaoupendekeza:

Alhamisi jioni usipulize chochote. Kata bodi, kwangua mistari ya moldi, yaani mishono iliyoachwa na kalibu, kwa mgongo wa kisu (huwa inapita juu ya madigadi na kwenye kona za bampa), piga msasa wa 800 kisha 1000 na maji. Mistari ya milango na boneti ipitishie ncha ya kisu mara mbili tatu iwe na kina, kwa sababu rangi itaijaza. Osha bodi kwa sabuni ya vyombo, iache ikauke usiku kucha na usiiguse tena kwa vidole vitupu. Muda unaobaki jenga chasi na habu.

Ijumaa saa saba, praima: mkupuo mmoja wa ukungu, dakika kumi, mkupuo mmoja kamili. Saa nane na nusu, angalia kwa taa ya pembeni. Mkwaruzo ukionekana, msasa wa 1500 bila kubonyeza. Saa tisa kasoro anza TS-26: mikupuo miwili ya ukungu, umbali wa sentimita 25, dakika kumi kati yake. Ukungu unaangalia kama uso una mafuta. Rangi ikikimbia mahali na kuacha jicho, acha ikauke, piga msasa, usiendelee juu yake. Simama hapo kwa siku hiyo.

Jumamosi saa nne, mikupuo miwili iliyolowa, sentimita 20, dakika kumi na tano kati yake. Anza kunyunyiza kabla ya bodi na umalizie baada ya bodi, usianzie wala usisimame juu yake, la sivyo rangi itachuruzika. Sehemu za kuvizia ni chini ya kioo cha nyuma na ndani ya bampa la mbele.

TS-13 ruka. Nyeupe ya kawaida isiyo na chenga inang'aa vya kutosha yenyewe, na kliya inakuongezea siku nzima. Halafu kliya ile ni kali: ukiimwaga kwa kulowesha juu ya stika za maji inazikunja. Ihifadhi kwa dharura moja tu. Ukungu ukitokea, subiri hewa ikauke kesho yake, puliza pazia jepesi la TS-13. Kiyeyushio chake kinafungua rangi ya chini na maji yanatoka. Mara nyingi mng'ao unarudi.

Kukausha: sanduku la katoni, balbu ya kizamani ya wati 40, kipimajoto cha chumbani ndani. Nyuzi 40 mpaka 45, usivuke. Plastiki yenyewe inavumilia zaidi ya hapo, lakini nguzo nyembamba za paa zikiwa zimebanwa na kishikio zinajipinda kabla ya kuyeyuka, na ukishagundua vioo haviingii tena.

---

Mweusi_na_Mweupe:

Wakuu, rimu za Watanabe na rangi nyeupe tupu? Gari hili limeitwa 86 kwa heshima ya AE86 ya 1983 mpaka 1987, na ile inajulikana kwa nyeupe juu na nyeusi chini. Puliza TS-29 sehemu ya chini ya milango na mabampa. Ni tepu tu.

---

Rangi_Pwani:

"Ni tepu tu" ndilo neno linalomaliza wikendi. TS-26 iliyopulizwa Jumamosi saa tano ikibandikwa tepu Jumamosi jioni itabaki na alama ya ukingo wa tepu, na wakati mwingine inang'oka na tepu. Inataka angalau usiku mmoja kwenye sanduku la balbu, na hapo ni Jumapili asubuhi, saa za mwisho. Mabampa ya gari hili yana mikunjo mingi ambayo mstari mnyoofu unapotea.

Kama unataka weusi, upate pale ambapo kipande kinapakwa peke yake: vioo vya pembeni, grili, na pazia la bampa la nyuma kama limetengwa kwenye fremu. Vipulize TS-29 vikiwa bado kwenye fremu siku ya Ijumaa, kopo hilo hilo la chasi. Macho yatajaza mengine.

---

Pwani_Modeli:

Nimeelewa, nyeupe tupu. Maswali mawili ya mwisho. Rimu nizipake vipi, na je nikate nati ya tano? Hizi zina nati nne, gari halisi lina tano.

---

Vernia_24:

Una jicho. AE86 ina nati nne kwa duara la mm 114.3, GR86 ina tano kwa mm 100. Kurekebisha hilo ni kujaza matundu 16 na kutoboa 20 ambayo kila moja ni chini ya milimita moja. Acha. Ukitaka kuzima swali, funika katikati kwa kifuniko: duara la plastiki la mm 6 lililokatwa kwa bomba la chuma lenye makali.

Rangi ya rimu: TS-29 mikupuo miwili myembamba, zikiwa zimechomekwa kwenye vijiti vya meno. Watanabe halisi haziwi nyeusi ya kung'aa, zina ule weusi wa chuma kilichomwagwa kwenye kalibu. Kwa hiyo zikikauka, chukua brashi kavu yenye X-10 (rangi ya Tamiya ya kijivu cha chuma) kidogo sana, ifute kwenye karatasi mpaka ionekane haina kitu, kisha isugue kwenye kingo za spoki tu. Kingo zinajitokeza, mabonde yanabaki meusi. Nati zipate nukta ya X-11 (ya fedha) kwa ncha ya kijiti cha meno, sio brashi, maana brashi inajaza na pembeni.

Kama una seti nyingine siku moja ambayo rimu zake zimechovywa kromu, loweka kwenye Jik kabla ya kupaka. Kromu inatoka ndani ya saa moja. Chini yake hubaki laki ya manjano ambayo Jik haiitoi, ikwangue angalau pale gundi inapokaa, kwa sababu gundi ya kuyeyusha plastiki haishiki laki wala kromu.

Tairi: piga msasa wa 400 sehemu inayokanyaga barabara, kuondoa mstari wa moldi na ule mng'ao wa mpira mpya. Dakika mbili kwa kila moja, zungusha kwenye kidole. Hili usiliruke hata ukiwa na saa moja imebaki.

---

Kijiti_cha_Meno:

Nami niongeze ya kuruka na ya kutoruka. Tumbo la gari: pulizia lote TS-29, bomba la moshi X-11, basi. Mikanda ya viti, ruka. Dashibodi: nyeusi, na stika za mita tu.

Usiruke kingo nyeusi za vioo. Hizo hupakwa kwa ndani, na kioo kisicho na kingo nyeusi ndicho kinachosema "hili limejengwa jana". Usiruke taa za nyuma: X-27 (nyekundu inayopitisha mwanga) kwa ndani, mkupuo mmoja wa brashi iliyoshiba, usirudie juu yake ikiwa mbichi. Na mistari ya milango juu ya nyeupe itie kijivu, sio nyeusi. Nyeusi kwenye nyeupe inafanya gari lionekane limechorwa kwa kalamu. Wino wa mistari ukiwa wa enameli, futa baada ya dakika kumi na tano kwa pamba yenye thina ya enameli kidogo, na usiuache utuame kwenye kona zilizobanwa, unapasua plastiki.

---

Rangi_Pwani:

Na Jumapili, utaratibu wa kuvaa ni huu: stika na mistari asubuhi, vioo saa sita, ndani na chasi saa nane, magurudumu mwisho kabisa. Vioo vibandikwe kwa gundi nyeupe ya mbao au kliya ya maji kwenye kingo, ncha ya kijiti kila sentimita mbili. Supaglu isikaribie hapo hata kidogo. Mvuke wake ukifungiwa ndani ya bodi unakaa kwenye vioo kama pumzi, na hautoki bila kubomoa. Kama ulitumia supaglu kokote kwenye viti au dashibodi, hayo yafanyike Jumamosi, yapate usiku mzima kwenye hewa kabla ya kufungwa.

Bodi ikigoma kushuka juu ya chasi usibonyeze paa. Vuta sketi za pembeni nje kidogo kwa vidole viwili, ingiza mbele kwanza, nyuma itafuata.

---

Pwani_Modeli:

Sawa wakuu. Nachukua kijiti cha mm 2 na duara la bikari, mm 1.5 juu. Kesho jioni naanza na msasa.

---

ChasiNaBushi:

Kabla ya kutoboa, hakikisha "juu" ni juu. Chasi ikiwa imegeuzwa tumbo juu mezani, ni rahisi kupima mm 1.5 upande usio wake, na gari likatoka limenyanyuka la kwenda porini. Andika mshale kwa kalamu kwenye kila habu wakati chasi imesimama kwa tumbo lake.